Kamba Aliyorithi Jhagru

Sitawadanganya kwamba nilisimuliwa na jirani. Jhagru ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja.

Babu alibeba matofali ya jumba la hakimu Mwingereza hapo kijijini kwetu Bihar, enzi zile Waingereza wanajiona watatawala hadi kiama. Baba akaja kuvuta feni ya hakimu: pazia zito la kupepea lililoning'inia darini juu ya kitanda, kamba yake imepita tundu la ukutani hadi barazani, imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa baba. Alivuta mchana kutwa, amelala chali. Siku moja akasinzia. Hakimu akatoka na viatu vyake, akampiga teke la ubavuni. Baba hakuamka tena. Mahakama ikasema wengu wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Yakaisha hivyo hivyo.

Miaka ikapita, bendera yao ikashushwa, wakafunga masanduku. Tulipiga ngoma siku tatu, na mimi nililia kwa furaha. Serikali mpya ikamweka Jhagru alinde lile jumba tupu, akahamia na mkewe Sonmati, mja mzito. Nikamwambia aichome ile kamba. Akanicheka.

"Dada, kwetu kamba hurithiwa. Baba hakuniachia kingine."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Heri lingevunjika.

Joto la Mei likaja. Mchana mmoja, kwa kumhurumia mkewe aliyemwacha chumbani, akafunga kamba kidoleni, akalala barazani, akavuta. Ndani mtu akaanza kukoroma taratibu. Jhagru akafurahi kwamba leo Sonmati amepata usingizi.

Mimi na Sonmati tulikuwa tunatoka kisimani. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma kunifuata. Jhagru akatuona. Akamtazama mkewe. Mguu ukasimama.

Mkoromo ukakatika.

Kitanda kikalia. Viatu vikakanyaga sakafu. Hatua moja. Ya pili.

"Vuta," nilinong'ona. "Vuta, mdogo wangu."

Akavuta. Viatu vikarudi kitandani.

Tukaikata kamba kwa mundu. Mguu haukusimama. Siku mbili ulivuta hewa tupu, naye analia kama mtoto, ananiuliza, "Dada, si waliondoka? Si tuliwaona wakiondoka?" Siku ya tatu usingizi ukamshinda. Tulipomwosha tulikuta alama ya kiatu ubavuni, kushoto, palepale pa baba.

Sonmati alijifungua mwezi uliofuata. Mtoto wa kiume, mzima, ila kidole gumba cha mguu kimezungukwa na kovu. Tulihamia mbali, na lile jumba nasikia limeshabomoka. Lakini mchana wa joto, mtoto akilala, mguu wake unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Niliwahi kuushika mara moja, ukatulia.

Nyuma ya ukuta wetu wa udongo, ambako hakuna chumba, kitanda kikalia. Nikauachia. Siku hizi tunakaa tu, mimi na mama yake, tunamtazama akivuta.