Nani Aliyaondoa Maombi Yangu ya Utafiti?

"Ni wewe! Umenimaliza huku unanichekea!"

Hiyo sauti ilikuwa yangu, jamani. Mimi ninayeomba radhi hata nikikanyagwa! Nimesimama katikati ya maabara, nimemkwida mwenzangu kola ya shati, kifungo kimesharukia chini ya meza.

"Dada, niachie! Nimefanya nini?"

"Unajua ulichofanya!"

Profesa akatoka ofisini kwake, kikombe mkononi, mdomo wazi.

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona nimechanganyikiwa bure.

Mimi ni mtafiti. Nachunguza usonji, ile hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ubongo wake ukawa na njia yake ya kupokea sauti, mwanga na watu. Wengine wanaongea bila kituo, wengine hawaongei kabisa. Mimi nashughulika na hao wasioongea. Nataka kujua wanaelewa kiasi gani wakati sisi tunawasema mbele yao kama vile hawapo.

Kazi tamu, eh? Sasa itafutieni hela!

Wakubwa wana majina, na majina yanavuta fedha. Sisi wachanga tunaambiwa tulete matokeo kwanza, ndipo tupewe fedha za kutafutia matokeo. Someni tena hapo, hamjakosea.

Kuna mfuko mmoja tu unaowafadhili wachanga kama sisi, na miaka kadhaa ikishapita tangu upate udaktari wako wa falsafa, ndiyo basi tena. Huu ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Mkataba wangu pale maabara nao ulikuwa unakata roho. Nikikosa hapa, utafiti unakufa, na zile familia zilizoniamini na watoto wao sijui nitazitazama kwa macho gani.

Lakini nilipita mchujo! Nikaitwa kwenye usaili! Mama alinikumbatia tukaangusha kiti.

Halafu Jumatatu asubuhi, barua pepe... "Tumepokea uamuzi wako wa kuondoa maombi. Tunakutakia kila la heri."

Uamuzi wangu?!

Nilipiga simu palepale. Akapokea mama mmoja wa ofisi ya ufadhili, mpole kabisa.

"Maombi yaliondolewa Jumamosi asubuhi, mwanangu. Kwa akaunti yako na neno lako la siri."

"Sikuyaondoa mimi!"

"Basi akaunti yako imeingiliwa. Niandikie kabla ya saa kumi leo, useme kuna mtu ameingia bila ruhusa yako. Nitayarudisha."

"Ahsante mama! Ahsante sana!"

"Ila yatarudi kama yalivyo. Hata nukta hutabadilisha. Na tutamtafuta huyo mtu."

Huyo mtu mimi nilikuwa nimeshampata! Tulikuwa tunagombea ufadhili ule ule. Meza yetu moja, na neno langu la siri nalichapa yeye akiwa pembeni kila siku. Tunamwita Grafu, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani anataka kukuchorea mchoro. Ndivyo ilivyofika kwenye kola.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?" nikamfokea.

Akaniangalia kwa huruma. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Nilikuwa nasimamia mtihani, dada. Na Profesa."

Profesa akatikisa kichwa kukubali. "Simu zetu zilikuwa zimefungiwa kabatini. Mwachie kijana wa watu."

Nikamwachia.

"Halafu mimi hata sikutuma maombi," Grafu akasema, anakunja kola yake. "Yalinishinda. Ungeniuliza tu."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini saa haikuwa ya kuona haya. Kama si yeye, nani? Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa nyumbani, nafua uani, na kompyuta niliiacha mezani...

Nyumbani!

Nilifika nahema. Mama alikuwa anapasi.

"Mama, nani aligusa kompyuta yangu Jumamosi?"

"Mimi hiyo hata kuiwasha siijui. Nani mwingine? Labda mdogo wako, si ndiye mnayekaa naye hapo kila siku?"

Karibu nicheke. Mdogo wangu ana usonji. Ni binti mzima sasa, na hajawahi kutamka neno. Kila nikifanya kazi anakuja kuketi ubavuni kwangu, uso kaelekeza dirishani, anazungusha kitambaa chake vidoleni.

"Mama, yule hajui kusoma."

"Anasoma yale maandishi ya chini ya televisheni. Nilikuambia, ukasema anafuata mwanga tu."

Nilisema hivyo kweli. Kwa sauti ya kidaktari kabisa.

Nikaingia chumbani. Alikuwa kitandani, kitambaa mkononi. Nikaweka kompyuta mbele yake, sikumgusa.

"Ni wewe uliyeondoa maombi yangu?"

Anaangalia dirisha.

Halafu mkono ukaja. Akachapa neno langu la siri, herufi na tarakimu zote, bila kuinamisha uso! Jamani... tasnifu yangu nzima inasema watu hawa wengi huona kwa pembe ya jicho. Nimepewa udaktari kwa kusema hivyo! Na mwenyewe nilikaa naye bega kwa bega nikaamini anaangalia dirisha tu.

Akafungua maombi. Akashuka polepole mpaka sehemu niliyoijua vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonipitisha kwenye mchujo. Profesa ndiye aliyenishauri: "Takwimu hazimlizi mtu. Weka binadamu humo." Nikamweka yeye. Nikaandika alivyokuwa akijichafua, alivyojipiga kichwa, siku tuliyomfungia ndani wageni walipokuja. Nikaandika kwamba haelewi kinachoendelea kumzunguka.

Akaweka kidole kwenye hiyo sentensi. Kisha akafungua ukurasa mtupu, akachapa kwa kidole kimoja:

"naelewa"

Nilikaa chini sakafuni. Mama alisimama mlangoni na nguo mkononi, analia bila sauti.

Wale watoto wa utafiti, kila mmoja nilimwomba ridhaa. Wazazi walisaini, watoto nikawaeleza kwa picha, na aliyegeuza kichwa nilimwacha aende zake. Kamati ya maadili ilinisifu! Mdogo wangu sikumuuliza hata kwa ishara. Si wa nyumbani? Nani humwomba ridhaa mtu wa nyumbani?

Saa ilikuwa inakimbilia kumi.

Sitawadanganya. Niliwaza kuandika. Mistari miwili tu, na kila kitu kinarudi. Angefanywa nini? Nani angeamini kwamba ni yeye? Hata nilianza: "Kuna mtu ameingia kwenye akaunti yangu bila ruhusa..."

Yeye yupo ubavuni. Anaangalia dirisha. Sasa nilijua anasoma.

Nikaacha kuchapa.

"Mdogo wangu, nisamehe. Ningefuta yote hayo, lakini hawaruhusu kubadilisha. Yakirudi, yanarudi na habari zako. Yasiporudi, sina kazi. Nimekwisha. Unanielewa?"

"ndiyo"

"Niyarudishe?"

Kitambaa kilizunguka, kikazunguka. Nilikuwa naomba Mungu, nakiri, naomba anihurumie.

"usirudishe"

Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Yeye hakunibembeleza, na sikustahili kubembelezwa.

Simu ikaita. Yule mama wa ofisini.

"Mwanangu, nakusubiri wewe tu. Akaunti iliingiliwa au haikuingiliwa?"

"Haikuingiliwa, mama."

"Una hakika? Nikifunga nimefunga."

"Aliyeyaondoa alikuwa na haki ya kuyaondoa."

"Haya. Mungu akufungulie kwingine."

Sasa najua mnasubiri niwaambie kwamba Mungu alifungua. Hajafungua! Maabara nimetoka. Nafundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wasiopenda hesabu. Grafu nilimwomba radhi mbele ya wote, akanisamehe, ila kifungo ananidai. Ule utafiti umesimama, na inaniuma kila asubuhi.

Nyinyi mnaosoma hapa, mkiwa na ndugu asiyeongea, msimseme akiwepo kama mnavyosema kiti. Na kabla hujatoa habari zake nje, hata kwa nia njema, hata kwa machozi, muulize. Asipojibu leo, subiri.

Ndiyo maana kisa hiki mdogo wangu amekisoma kabla yenu. Alikaa nacho siku nzima. Kuna aya mbili alizifuta, zilikuwa nzuri kuliko zote, na sitawaambia zilisema nini.