Kimya cha Kissa

Kila asubuhi, katika ofisi ya mizigo jengo la Tianxiu, huko ughaibuni, Kissa aliandika alama za wenye mali kwenye marobota kwa kalamu nene nyekundu. Na kila asubuhi, kabla robota la kwanza halijakwisha, simu ililia.

"Mama Mizigo, umeamkaje?" Adrian, mchuuzi wa viatu, aliuliza.

"Salama, Baba Viatu."

Hapo aibu ilimshika, akakata simu, akatabasamu peke yake.

Jumamosi moja ya Oktoba simu ililia, lakini alikuwa shoga yake, Hasna.

"Achana na hayo marobota! Niko huku milimani, zinapoishia zile mbio ndefu alizoingia Adrian. Polisi wamejaa, wanakagua pasipoti za wageni!"

Kalamu ikamdondoka. Viza ya Adrian ilikwisha tangu Agosti, na mwaka ule wa msako wa wageni wasio na vibali, mtu kama yeye hata dukani alikwenda kwa kunyata.

"Mwambie asifike!"

"Nimempigia, anajua. Kasema, 'Waache wanichukue. Kissa hanitaki, najificha kwa ajili ya nani?' Kisha kazima simu. Umemfanya nini mwenzio?"

Hakumfanya kitu. Wiki iliyopita Adrian alimwomba awe mkewe. Naye akainama, akanyamaza, kama bibi yake kule Tukuyu alivyomfunza: msichana akiposwa hajibu, kimya chake ndicho kukubali kwake.

Alikodi teksi vilevile alivyokuwa, na gauni lake la bluu la ofisini. Barabara ilipokatiza njia ya mbio akamsihi dereva amngoje, akapanda msituni. Viatu vilizama matopeni, akavivua. Mianzi ilimchana mikono. Wakimbiaji walimpita wakihema, na kila asiyekuwa Adrian alimkata maini.

Mwishowe akatokea, goti likivuja damu, fulana ya kijani imekauka kwa chumvi ya jasho.

"Rudi, Kissa. Utateleza."

"Simama!"

"Nakimbia tangu jana usiku. Nikisimama siinuki tena."

"Polisi wako chini!"

"Najua. Nilikuuliza, ukatazama sakafu."

"Kwetu msichana akiulizwa hunyamaza! Ndiko kukubali!"

"Kwetu Mbulu, mama, kimya ni kimya tu."

Akampita. Mgongo wake ukazidi kushuka kuelekea vipaza sauti vya mwisho wa mbio. Kissa hakuwahi kupaza sauti maishani. Hata sokoni bei alibishaniwa na Hasna.

"Adrian! Nimekubali!"

Adrian akasimama. Miguu ikamkataa, akaketi palepale matopeni. Kissa alimfikia, akapiga magoti mbele yake.

"Sijasikia vizuri," akasema Adrian. "Sema tena."

Safari hii Kissa hakutazama chini.

"Nakupenda, na nataka unioe. Hukamatwi peke yako kama mwizi. Teksi inatungoja barabarani. Jumatatu nitakushika mkono twende kwa polisi hao, useme mwenyewe viza imekwisha. Wakikurudisha nyumbani, ndege hiyohiyo nami nimo."