Mayai Yaliyotangulia Safari

Seremala mmoja waliyemwita Msumari alikuwa mwembamba, na akikataa jambo hang'oki. Kwa miaka sita alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Nyumbani haukumsumbua sana. Kila asubuhi alimeza kidonge cha kushusha sukari, akala, kisha akaenda karakana kuchonga milango. Mke wake, mshonaji, ndiye aliyempikia na kumkemea.

Siku moja binti yao aliyeolewa mbali alijifungua mtoto wa kwanza. Aliwatumia wazazi wake tiketi za ndege. Hawakuwahi kupanda ndege.

Msumari alipanga sanduku kama anavyounga droo. Mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi vilibanwa katikati ya nguo. Hata wembe usingepita.

"Chakula kiweke kwenye mkoba wa mkononi," mke wake alisema.

"Mikono hii imebeba mbao miaka thelathini. Leo itembee mitupu."

Alfajiri alimeza kidonge. Hakula. "Nitakula uwanjani, kwa raha zangu," alisema.

Uwanjani, mhudumu wa kaunta alilipima sanduku, akalibandika karatasi, akalisukuma. Mkanda ukalichukua. Likapotea nyuma ya pazia la mpira.

"Linakwenda wapi?" Msumari aliuliza.

"Tumboni mwa ndege, baba. Mtalipokea mkifika."

Mke alimgeukia mumewe. "Haya. Mayai yako yametangulia. Msalimie mjukuu."

Walipita ukaguzi, wakaketi kusubiri. Likaja tangazo: ndege imechelewa saa tatu.

"Nikakununulie chakula," mke alisema.

"Pale kuna keki na chipsi tu. Daktari alinikataza. Nitavumilia."

"Mvumilivu hula mbivu, mume wangu, lakini wewe huna hata mbichi."

Hakutaka kusikia. Saa moja ikapita. Jasho likaanza kumtoka, na ukumbi ulikuwa wa baridi. Vidole vikatetemeka. Akamwangalia mke wake kama mgeni, akauliza, "Umefunga karakana?"

Mke akaruka. "Karakana gani? Baba watoto! Unaniona?"

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki pembeni aliacha ndoo yake, akaja haraka.

"Mama, huyu ana kisukari?"

"Ndiyo."

"Kameza dawa?"

"Alfajiri."

"Kala nini?"

"Hajala kitu."

"Basi sukari imeshuka. Kalete soda. Si ile isiyo na sukari, ile tamu yenyewe."

"Lakini soda kakatazwa!"

"Kakatazwa ya kila siku. Hii ni ya kumwokoa. Kimbia!"

Mke alikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Mpiga deki alihakikisha kwamba Msumari anaweza kumeza, akamnywesha nusu chupa polepole.

"Angeshindwa kumeza, nisingemtia kitu mdomoni," alisema. "Ningeita daktari wa uwanja. Mama yangu ana ugonjwa huu. Nimejifunza kwa hofu."

Baada ya robo saa mikono ikatulia.

"Nimesema nini?" Msumari aliuliza.

"Upuuzi," mke wake alijibu, akafuta machozi.

"Sasa ale chakula, maana sukari ya soda haikai mwilini," mpiga deki alisema. "Kule mwisho wanauza mkate na yai, na matunda. Baba, dawa ile inashusha sukari, umekula au hujala. Ukiimeza, kula. Safarini chakula kikavu na dawa zako vikae mkononi, si kwenye sanduku. Maji utazuiwa kupita nayo ukaguzini, kwa hiyo beba chupa tupu ujaze ndani. Ndege ikichelewa, tembeatembea. Na kabla ya safari ndefu, muulize daktari wako saa za kumeza dawa."

Msumari hakubisha. Alikula mkate na yai, kisha ndizi moja. Ndege ilipoitwa, alipanda kwa miguu yake. Jioni hiyo alimbeba mjukuu wake kwa mikono isiyotetemeka.

Baada ya wiki mbili walirudi. Mwaka uliofuata walisafiri tena kumwona mjukuu, na katika uwanja uleule walimkuta mpiga deki na ndoo yake.

"Baba, fungua mkoba nikague!"

Msumari alifungua. Mayai ya asubuhi hiyo. Mkate wa unga usiokobolewa. Karanga zisizo na chumvi. Ndizi. Vidonge. Chupa aliyoijaza bombani dakika ile. Akapapasa mfuko wa shati na kutoa pipi nne.

"Na hizi?"

"Za siku nikianza kuuliza habari za karakana."

"Mkoba kapanga yeye mwenyewe," mke alisema. "Nimeshindwa kupata pa kuweka kitana."

Likaja tangazo: ndege imechelewa saa mbili. Watu ukumbini wakaguna. Msumari alitazama saa ukutani, akamenya yai, akampa mpiga deki jingine.

"Ndege na ichelewe," alisema. "Mimi nakula kwa saa yangu."