Mchwa wa Bwawa la Lupoto

Ukuta ulimeguka mbele ya macho ya wageni, na wageni wakapiga makofi. Walikuwa wamekaa kwenye mitumbwi inayojiendesha, wanakula samaki wa kuchoma, wakaona bonge la udongo likiporomoka majini. Pale lilipotoka pakaanza kuchemka. Mchwa-chuma, vijimashine vya kuziba ukuta, walikuwa wanatoka. Kila mmoja si mkubwa kuliko punje ya mchele, na kila mmoja alibeba chembe yake ya udongo, akaibandika, akaishindilia kwa kichwa, akarudi ndani. Chai ilikuwa haijapoa vikombeni, pengo halipo tena.

"Umeona, mama mkaguzi?" alisema Bwana Ambakisye, mwenye bwawa. "Wenzangu wanahangaika na vibarua. Mimi wangu hata chumvi hawaombi."

Tupokigwe hakucheka. Kazi yake ilikuwa kukagua mabwawa ya watu binafsi, na siku hiyo alitakiwa aseme kama bwawa hili la starehe lifunguliwe msimu mwingine au lifungwe. Chini ya bwawa, bondeni, kulikuwa na watu wa Lupoto, na maji yakivunja ukuta hayabishi hodi.

Alibandika sikio-ardhi ukutani, kile chombo bapa kama sahani kinachosikia udongo ukijongea. Ukuta ulikuwa mzima. Mzima mno.

"Mbona umenenepa?" aliuliza. "Mawimbi ya mitumbwi yanaumega kila siku. Ungekuwa umekonda."

"Unakula vizuri."

"Huo udongo wanautoa wapi?"

"Kwani sheria inauliza hilo?"

Haikuuliza. Sheria ilitaka kujua kama ukuta unavuja, kama una ufa, kama kimo chake kinatosha. Basi. Tupokigwe akachukua sikio-ardhi lake, akashuka bondeni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Subilaga. Alimkuta anatwanga karanga sebuleni, na kabla hata ya salamu Tupokigwe akasimama. Mchi ulikuwa ukitua mara moja, lakini mlio ulisikika mara mbili. Wa pili ulitoka chini.

"Ugonile, bibi," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Usishtuke, nyumba yangu siku hizi inaitikia." Bibi akagonga sakafu kwa kisigino, na kwa chini kitu kikagonga. "Tangu masika. Paka kahama, kuku hawaingii. Mimi nasema heri, nimepata wa kuongea naye."

"Na yeye anasema nini?"

"Hana maneno. Msikivu tu, kuliko marehemu babu yako."

Tupokigwe alipiga magoti, akaweka sikio-ardhi sakafuni. Akasikia miguu. Midogo, mingi isiyohesabika, imesimama, inatetemeka kidogo kama ya mtu aliyebeba mzigo muda mrefu. Aliomba jembe, akabandua kipande cha sakafu upana wa kiganja, akamulika.

Hapakuwa na ardhi. Palikuwa na giza linaloshuka mpaka taa ikaishiwa nguvu, na katika giza hilo mchwa-chuma wamepandiana mabegani, miguu imefumana kama ukili, nguzo kwa nguzo, migongo imeegemea sakafu. Hakuna aliyejongea. Walikuwa wamebeba nyumba.

Bibi naye alichungulia. Akauweka mchi chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Bwana Ambakisye alipoitwa na kuoneshwa, jasho lilimtoka. "Niliwapa amri mbili tu," alisema. "Ukuta usipungue. Nyumba za watu zisipasuke. Nilidhani nimetenda wema."

"Wamekutii," Tupokigwe alisema. "Wanachimba hapa kulisha ukuta, na pale walipochimba wanasimama wao. Nyumba ngapi ziko hivi?"

"Sijui. Labda za upande huu wote."

"Na mvua kubwa ikipiga, ukuta ukaanza kulika kwa kasi?"

Wote watatu walitazama mlimani, ambako wingu lilikuwa limeshashuka nusu. Ukuta ungewaita mchwa wote, na nyumba zingebaki bila wa kuzibeba.

"Toa watu," Tupokigwe alisema. "Wakiisha kutoka, fungua maji. Bwawa likiwa tupu, ukuta hautawaita mchwa."

"Mama mkaguzi, wageni wangu..."

"Bwawa nimelifunga. Sasa nakuomba uwe mtoto wa hapa, si mwenye bwawa. Piga hodi kila mlango, wanakujua."

Alikwenda. Watu walitoka na magodoro, na masufuria yenye ugali wa moto. Mzee mmoja aligoma mpaka mkewe akamwambia akae basi, kitanda chake yeye anakihamisha. Tupokigwe aliwasihi wakanyage taratibu. Bibi Subilaga alitoka wa mwisho, nyuma nyuma, akiaga sakafu kwa kichwa.

Lango la maji likafunguliwa, maji yakafuata mfereji wake kando ya nyumba. Bwawa likashuka, na mtambo wa maji uliokuwa ukiwapa mchwa umeme ukaanza kuchoka. Watu walingoja kishindo. Hakikuja. Mchwa walitumia nguvu zao za mwisho kuzishusha nyumba, moja baada ya nyingine, pole pole, kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Kuta zilizama, madirisha yakazama, hakuna kioo kilichopasuka. Zikabaki paa za bati zimelala juu ya majani, na mvua ikaanza kuzipiga.

Hakuna aliyelia. Bibi Subilaga alipanda mlima kwa mkongojo mpaka juu ya ukuta, akamkuta Bwana Ambakisye anatazama tope lililokuwa bwawa.

"Baba," alimwambia, bila hasira, "udongo wangu uko wapi, nikajenge?"

Bwana Ambakisye alitazama miguu yake, iliyokanyaga udongo wa ukuta. Akasogea hatua moja pembeni kumpisha, akatazama tena chini, akasogea hatua nyingine.