Mkunjo Usiomdanganya Mama

Asubuhi hiyo Jicho hakuweza kukaa. Alipewa chai, akainywa amesimama mlangoni. Akaweka kikombe dirishani, akashuka ngazi, akapanda, akashuka tena. Mkewe alikuwa anafagia baraza. Kila alipomaliza upande mmoja, viatu vya mumewe vilileta vumbi upande wa pili.

"Baba watoto," mkewe akasema, "ama ushike fagio, ama uniachie baraza."

"Dada ameshaondoka kwake?"

"Amepiga simu. Watafika mchana. Na lile neno lake amelirudia."

Jicho alilijua neno hilo, na ndilo lililomnyima usingizi. Macho ya mama yao yalikuwa yamefifia. Alibaki kuona mwanga na kivuli tu. Siku moja alikosa kipandio kwenye ngazi za baraza hili, akaanguka, akaumia nyonga. Dada mkubwa wa Jicho akaja kumchukua, akamwuguza kwake. Sasa mama alikuwa amepona. Alitaka nyumba yake, kiti chake, na njia yake ya kwenda kwenye ibada ambayo miguu yake iliijua. Lakini dada alikuwa amesema: "Nikikuta ngazi hazina cha kushika, nageuza gari naye yumo ndani. Na akirudi kwangu safari hii, ndiyo moja kwa moja."

Jicho alikuwa fundi wa vyuma. Watu walimwita Jicho kwa sababu hakupenda kupima. Aliutazama mlango, akakata chuma, na chuma kikaingia. "Futi ni ya wenye mashaka," alizoea kusema. Alikuwa na wateja, na wengi walimsifu.

Lakini bomba la kushikia la mama lilikuwa jambo jingine. Mkono wa mama ndio uliokuwa macho yake. Bomba lilitakiwa lilale sawa juu barazani, likunjwe kufuata mteremko wa ngazi, kisha likunjwe tena na kulala sawa chini. Mkunjo wa juu ungeuambia mkono: ngazi zinaanza. Mkunjo wa chini ungeuambia: umefika ardhini, tembea. Tena lilitakiwa liwe bomba moja, bila kiungo. Mama mwenyewe alisema uvimbe wa kuchomelea unamchanganya. Kila anapougusa anadhani ni kona.

Nguzo mbili zilikuwa zimeshachimbiwa kwa zege, moja juu, moja chini. Mabomba marefu yalikuwa matatu. La kwanza Jicho alilikunja jana, kwa kutazama. Alipolileta kwenye ngazi, lilizama kama pua ya ng'ombe anayekunywa maji. Alipojaribu kulinyoosha, likabonyea.

"Leo nimeshalitazama vizuri," alisema, akichukua glavu zake.

"Jana pia ulilitazama," mkewe akajibu. "Ulichokitazama kiko nyuma ya nyumba. Mume wangu, twende tupime."

Mkewe alikuwa anahudhuria masomo ya jioni. Aliacha shule akiwa mdogo, akarudi akiwa na watoto wawili, na wala hakuona haya. Wiki iliyopita walikuwa wamefundishwa pembetatu. Alileta ubao mrefu, pimamaji, na uzi wenye jiwe mwishoni. Kisha akasimama kimya kidogo, ameinamisha kichwa.

"Unafanya nini? Muda unakwenda," Jicho akasema.

"Namwomba Mungu."

"Akupimie?"

"Atutulize. Sala hairefushi bomba, lakini humtuliza anayelipima. Shika ubao."

Waliulaza ubao kuanzia ukingo wa baraza kwenda mbele, hewani, wakahakikisha kwa pimamaji kwamba haukuinama. Pale mguu wa mama ungetua ardhini baada ya kipandio cha mwisho, mkewe aliweka alama ya chaki. Akashusha uzi wenye jiwe kutoka kwenye ubao mpaka juu ya alama ile.

"Uzi umeshuka sentimita sitini," alisema. "Hicho ndicho kimo. Na kwenye ubao, kutoka ukingo wa baraza mpaka hapa penye uzi, ni sentimita mia na nne. Huo ndio mlalo. Ngazi zenyewe ndizo mteremko. Umeona? Pembetatu."

"Nimeona ngazi."

"Gawa kimo kwa mlalo. Sitini gawa kwa mia na nne." Alibonyeza kikokotoo cha simu. "Sifuri nukta tano saba saba. Namba hii inaitwa tanjenti ya mteremko. Kila mteremko una yake. Sasa tunaiuliza simu: tanjenti hii ni ya pembe ipi?" Akabonyeza tena. "Nyuzi thelathini."

"Nyuzi thelathini? Mimi nachoma vyuma, siyo mshonaji."

"Nyuzi za kupimia pembe, Jicho. Zimeandikwa hata kwenye mashine yako ya kupindia. Hujawahi kuzisoma, ndiyo maana zina kutu."

Ni kweli. Jicho alikwangua kutu kwa bisibisi, na namba zikajitokeza moja baada ya nyingine, kama zilikuwa zinamngoja. Akaingiza bomba la pili, akalivuta mpaka thelathini, kisha akalivuta kidogo zaidi.

"Mbona umepitiliza?"

"Chuma kina ukaidi. Ukikiachia, kinarudi nyuma kidogo. Hilo najua mimi, simu yako haijui." Akaachia mkono wa mashine. Bomba likarudi, likatulia kwenye thelathini kamili. Mkewe akacheka.

"Mkunjo wa pili je?" Jicho akauliza. "Ni nyuzi ngapi?"

"Ni hizo hizo, kwa kugeuza upande. Juu linalala sawa, chini linalala sawa. Kiasi lilichoinama ndicho kiasi cha kuinuka."

"Na kutoka mkunjo wa kwanza mpaka wa pili?"

Mkewe alisita. "Si tumepima? Mia na nne."

Jicho akatia alama kwenye sentimita mia na nne, akakunja. Wakalibeba bomba, wakalifunga kwa waya kwenye nguzo. Mteremko ulilala sambamba na ngazi, safi kabisa. Jicho alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kitu kimoja tu kilimkera: kule chini bomba lilipita juu ya nguzo, likaacha nafasi inayotosha kiganja.

"Nguzo ni fupi," alisema. "Nitaiongeza kipande."

"Nguzo zote mbili ulizikata sawa."

"Basi ardhi imezama. Usinitafutie maneno."

Lakini hakutulia. Alizunguka nguzo, akaipiga teke, akapanda barazani. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alifumba macho, akaweka mkono kwenye bomba, akaanza kushuka kama mama.

Kipandio cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Kisha mkono wake ukagusa mkunjo wa chini, na bomba likalala. Mkono ukamwambia: umefika. Akatupa mguu kama mtu anayetembea kwenye sakafu. Sakafu haikuwepo. Mguu ulidondoka, akauma ulimi, akaangukia magoti.

Mkewe alimkimbilia. Jicho alikaa palepale kwenye vumbi, damu kidogo mdomoni.

"Linadanganya," alisema taratibu. "Bomba linadanganya. Mimi nina magoti ya chuma. Yeye je?"

Kisha hasira ikampanda. Akatupa glavu. "Hesabu zako hizo. Mabomba mawili sasa. Limebaki moja, na dada yuko njiani."

"Pembe hatukukosea," mkewe akasema. "Tazama mteremko ulivyolala. Kuna kitu hatukijui, basi. Nakwenda kumwita Seremala."

"Yule wa mbao? Kwenye kazi ya chuma?"

"Maisha yake yote anapandisha mapaa. Paa si mteremko? Au unataka mama aanguke ili mbao zisikucheke?"

Mkewe alikwenda nyumba ya pili, akarudi na jirani yao, mzee mfupi mwenye penseli sikioni. Seremala na Jicho walikuwa watani wa siku nyingi.

"Nimeitwa kwenye msiba wa bomba," Seremala alisema. "Poleni wafiwa. Marehemu yuko wapi?"

"Mzee, leo sina nafasi ya utani."

"Mwenye haraka ndiye anayehitaji utani." Lakini alipoona damu mdomoni mwa Jicho, aliacha mzaha. Akachuchumaa kando ya bomba, akaweka kipimapembe chake cha mbao. "Nyuzi thelathini. Nani kapiga hesabu hii?"

"Mimi," mkewe Jicho akasema.

"Hongera, binti. Pembe haina kosa. Na kati ya mkunjo na mkunjo mmeweka ngapi?"

"Mia na nne."

"Mia na nne ni ya upande gani wa pembetatu?"

"Wa mlalo. Ule wa kwenye ubao."

"Na bomba linapita kwenye ubao?"

Mkewe Jicho akajishika kichwa. "Linapita kwenye mteremko."

"Enhe. Nipeni uzi wenu." Seremala akashika ncha moja kwenye ukingo wa baraza, akamwambia Jicho avute ncha nyingine mpaka kwenye alama ya chaki, ukaze. "Sasa pima uzi wenyewe."

Jicho alipima. Akapima tena. "Mia na ishirini."

"Upande wa mteremko siku zote ni mrefu kuliko mlalo. Nyie mlikata njia. Bomba lenu lilimaliza safari kabla ya ngazi kwisha." Akachora pembetatu chini kwa chaki. "Hapa uzi umetufaa. Lakini mahali ambapo uzi haupiti, hesabu inapita. Ile tanjenti inakupa pembe. Ina ndugu yake, anaitwa sini. Sini ya nyuzi thelathini ni nusu, yaani sifuri nukta tano. Chukua kimo, gawa kwa sini."

Mkewe akabonyeza simu. "Sitini gawa kwa sifuri nukta tano. Mia na ishirini."

"Uzi na hesabu wamesema neno moja," Seremala akasema. "Mashahidi wawili."

Jicho alikuwa ameshanyanyuka. "Haya, nimeelewa. Niachieni nikunje."

"Kaa."

"Mzee, gari liko njiani."

"Bomba ni moja, na gari ni moja. Kaa. Ngazi za kwangu kimo chake ni sabini, mlalo ni mia moja. Nipe pembe na urefu wa mteremko. Usipoweza hizo, na hizi hujazielewa. Umekariri tu."

Jicho alitazama barabara. Akachukua simu kwa vidole vinene vyenye makovu ya moto, akaanza kwa sauti, kama mtoto anayesoma herufi. "Sabini gawa kwa mia moja. Sifuri nukta saba. Hiyo ni tanjenti. Pembe yake... nyuzi thelathini na tano. Sini ya thelathini na tano..." Akabonyeza. "Sifuri nukta tano saba nne, karibu. Sabini gawa kwa hiyo. Mia na ishirini na mbili."

"Amina," mkewe akasema.

"Sasa nyanyuka," Seremala akasema. "Na kama hujui nitakuudhije kesho, nitakuja na vipimo vya ngazi zangu unitengenezee bomba."

Jicho alichora bomba lote kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kwa ukubwa wake halisi: sehemu ya juu, mteremko, sehemu ya chini. Akatia alama mbili kwenye bomba la mwisho, sentimita mia na ishirini kati yake. Akavuta mashine mpaka thelathini, akapitiliza kidogo, akaachia. Akaligeuza, akavuta tena. Kisha akalilaza juu ya mchoro wa chaki. Bomba liliufunika mchoro, mstari kwa mstari.

Walipolipeleka kwenye ngazi, liliketi juu ya nguzo zote mbili bila kulazimishwa. Jicho alilichomelea kwa chini, ili juu mkono usikute uvimbe. Likapoa. Akalisugua kwa viganja vyake mwenyewe kutoka ncha hadi ncha mara nyingi, akitafuta kosa. Akafumba macho, akashuka. Mkono na mguu vilifika pamoja. Hakuridhika. Akapanda, akashuka tena.

Alikuwa bado anashuka pale gari lilipoingia uani.

Dada alitoka wa kwanza. Alitazama bomba, akalitikisa kwa mikono miwili kama mtu anayetikisa mpapai. Halikutikisika. "Mdogo wangu, hili umelitengeneza wewe?"

"Na shemeji yako hapa," Seremala akadakia, akionyesha kwa kidevu. "Mdogo wako alilifunga kwa waya tu."

"Wifi yako," Jicho akamsahihisha. "Mzee, hata undugu hujui kupima."

Dada alimshika mama mkono, akampeleka kwenye ngazi. Mama alipanda polepole mpaka barazani, akihema. Akageuka. Akanyoosha mkono mpaka ukagusa bomba, akaanza kushuka. Dada alimwahi, akamshika kiwiko.

"Usinishike," mama akasema. "Nasoma."

Midomo ya mke wa Jicho ilikuwa inacheza bila sauti. Mkono wa mama uliteleza juu ya mkunjo wa kwanza, na mguu wake ukashuka. Ukashuka tena. Kwenye mkunjo wa chini mkono ulilala, na mguu nao ukatua kwenye udongo, taratibu, kama umekuwa ukipita hapo kila siku. Mama alipiga hatua moja mbele, akaachia bomba, akasimama peke yake uani.

"Mwanangu," alimwita dada, "begi langu liko wapi?"

"Liko garini, mama."

"Linafanya nini huko?"