Muhuri wa Kufungulia Choo

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba halmashauri yetu tukufu imezindua Mkakati wa Miaka Mitano wa Kukuza Utalii wa Ufukweni. Mkakati wenyewe ni choo. Nacho kimefungwa kwa kufuli.

Likizo hiyo ya shule, kila asubuhi nilimsaidia shangazi kupanga viti na miavuli anayokodisha ufukweni. Choo kilikuwa hatua ishirini tu kutoka kwetu, kina vigae vyeupe na sinki tatu. Kilikamilika miezi minne iliyopita, kikawa kinamngoja mgeni rasmi aje kukata utepe. Wageni wasio rasmi waliliona kufuli, wakakunja taulo zao, wakaondoka. Viti vya shangazi vilibaki vitupu.

Siku moja mama mjamzito alisimama mlangoni akimsihi mlinzi, machozi yakimlengalenga.

"Dada yangu, ufunguo ninao," mlinzi alisema kwa huruma. "Ruhusa ndiyo sina."

Nilichemka! Ufunguo uko mfukoni, na mtu mzima analia! Nilikata kipande cha kisigino cha ndala yangu ya kushoto, nikachonga muhuri, nikaandika kwenye karatasi kwa Kiswahili kizito cha ofisini: "Choo kifunguliwe mara moja kwa watu wote. Kwa amri." Nikaugonga muhuri chini yake. Kesho yake nilibandika karatasi hiyo mlangoni mapema.

Mlinzi aliisoma mara mbili, akaipigia saluti, akafungua. Kufikia adhuhuri hapakuwa na kiti hata kimoja kitupu. Nilijiona mbunge.

Alasiri akafika ofisa utalii, tai imempinda kwa hasira, akamkabili mlinzi.

"Nani kakuruhusu?"

"Barua yenu, mkuu. Ina muhuri."

"Muhuri gani wenye mistari kama soli? Kesho usije kazini!"

Mlinzi alivua kofia taratibu, akamkabidhi. "Miaka kumi na moja, mkuu, sijawahi kuvunja amri."

Mimi, ninayejulikana bweni zima kwa ulimi wangu, nikaufukia mguu wa kushoto mchangani. Shangazi aliitazama karatasi, kisha akaitazama miguu yangu.

"Sema mwenyewe, mwanangu, kabla sijasema mimi."

"Ni mimi," nikasema kwa sauti ndogo. "Mlinzi hana kosa. Muhuri ni ndala."

"Huyu niachie mimi," shangazi akamwambia ofisa. "Lakini ukitaka kufunga, waeleze hawa wewe mwenyewe."

Ofisa aligeuka. Foleni nzima ilikuwa inamtazama, yule mama mjamzito akiwa mbele, mikono kiunoni. Ofisa akakohoa, akamrudishia mlinzi kofia yake. Choo hakikufungwa tena.

Shangazi akanivuta pembeni. "Hasira yako ilikuwa ya haki. Ungeandika malalamiko kwa jina lako, ufuo mzima tungetia saini. Wewe ukaupaka ukweli uongo, na uongo ukamwangukia asiye na kosa. Utasugua sinki zote tatu mpaka shule ifunguliwe."

"Sawa, shangazi."

Hakuniachia. Macho yake yalikuwa yamehamia mguu wa pili.

"Na hiyo ndala ya kulia, tundu lake lilikuwa muhuri wa nani?"

"Wa matroni wa bweni, shangazi."