Daftari la Mvua la Shangazi Poni

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Shangazi Poni alitoka nje, akatazama anga la kijiji cha Ludara, kisha akarudi ndani kuandika. Daftari lake lilikuwa na jalada jeusi lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Humo mlikuwa na mvua za miaka ishirini na mitatu: zilianza lini, zilikatika lini, karanga zilitoka magunia mangapi. Aliandika Kiswahili alichofundishwa na baba yake, askari wa zamani, Kiswahili cha kambini kisichojali sarufi. "Mvua iko leo. Kidogo tu." Basi, amemaliza.

Kiden, binti wa kaka yake, aliishi naye tangu utotoni. Alisoma kidato cha pili katika shule moja mjini Koboko, msichana mwenye akili, ila mwenye haya isiyo na maana. Mwaka huo aliandika utafiti juu ya mvua na kilimo cha Ludara, na takwimu zote alizitoa katika daftari lile jeusi. Kazi yake ikachaguliwa kushindanishwa mjini Arua. Mshindi angesomeshwa bure mpaka kidato cha nne, na nyumbani kwao ada ya mwaka uliofuata haikuwepo.

Mwalimu Severino alikuwa amewafundisha vizuri darasani. "Mwishoni mwa kazi, orodhesheni vitabu vyote mlivyotumia," alisema. "Kitabu cha mwandishi mmoja, taja jina lake, mwaka, jina la kitabu, mji na mchapishaji. Kitabu chenye sura za watu wengi, mtaje aliyeandika sura uliyosoma, umtaje na mhariri. Maandishi ya mkono nayo usiyaache. Taja aliyeyaandika na mahali yanapokaa."

Yengi, msichana wa kijiji jirani cha Kuluba, akamgeukia Kiden. "Sasa utamwandika shangazi yako? Profesa wa mihogo!"

Darasa zima likacheka. Kiden naye akacheka, lakini moyo ulimuuma.

Alipofika kwenye orodha, aliandika vitabu viwili vya maktaba bila kosa hata moja. Kisha kalamu ikasimama. Aandike "Poni, mkulima, daftari la nyumbani"? Wangemcheka hadi Arua. Basi akamzua mtu: Dakta P. Harwell. Akampa mwaka, 2009, akamtungia kitabu cha mvua, akamchapishia Nairobi. Kwenye karatasi kilipendeza kuliko vile viwili vya kweli. Lo, mtoto huyu!

Siku ya mashindano, ukumbi wa Ediofe, pale Arua, ulijaa. Shangazi alikuja na kitenge chake kipya, akaketi mbele. Kiden alieleza kazi yake bila kigugumizi, watu wakapiga makofi. Kisha jaji, Sista Kevina, aliyekuwa mkutubi, akavaa miwani.

"Kazi nzuri, mwanangu. Hizi takwimu za mvua umezitoa wapi?"

"Katika kitabu cha Dakta Harwell, Sista."

"Kitabu cha mwaka 2009?"

"Ndiyo, Sista."

"Sasa kitabu cha 2009 kimejuaje mvua ya mwaka jana?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nyuma mtu akasema, "Amezitoa kichwani!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Shangazi Poni akasimama. "Sista, hapana. Hiyo mvua iko ya kweli. Mimi nimeandika, siku kwa siku."

Watu wakazidi kucheka, wengine wakisema, "Mwongo huyo!" Sista akawanyamazisha, akamgeukia Kiden. "Ni kweli? Basi mbona jina la mama huyu silioni popote?"

Kiden alitazama sakafu. Neno moja tu, "ndiyo", lingemwokoa shangazi yake mbele ya watu wale. Hakulisema.

"Mama, wewe naweza kukuamini," Sista alisema polepole. "Karatasi hii siwezi." Zawadi ikaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Waliporudi Ludara, Shangazi alitia daftari sandukuni, akafunga kwa kufuli.

"Wale watu wameniita muongo, na wewe umenyamaza," alisema. "Huyo dakta yako aandike mvua sasa. Mimi nimechoka."

Kiden alilia mpaka macho yakavimba, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake alimwendea Mwalimu Severino, akakiri yote. Mwalimu alimgombeza vikali, kisha akamwamuru aandike orodha upya, pamoja na barua ya kumwomba Sista Kevina radhi. Sista alijibu: kazi iliyosahihishwa ingewekwa kwenye rafu ya maktaba, na jina la Poni lingesomeka. Zawadi haikurudi. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu wenzake walienda shule, Kiden akaenda shambani.

Mwezi wa tatu, wingu likatanda. Matone ya kwanza yalipopiga bati, Shangazi alibaki kwenye kigoda chake, akichambua maharage. Kiden hakuweza kuvumilia.

"Shangazi, nipe ufunguo. Niandike mimi."

Shangazi akamrushia ufunguo.

Kiden akaandika tarehe ya mvua ya Ludara. "Na Kuluba imenyesha jana," aliongeza.

"Wewe ulikuwa Kuluba?"

"Hapana. Yengi ameniambia sokoni."

"Basi andika Yengi amesema." Shangazi akaweka ungo chini. "Sikia, Kiden. Mvua iko ya Mungu. Lakini kukaa miaka yote, kuangalia, kuandika, hiyo iko kazi ya mtu. Ukichukua kazi ya mtu, taja jina yake, hata kama mtu mwenyewe iko na matope miguuni. Ukificha jina, umemwibia, na kesho watu watamwita muongo. Mimi nimekusamehe. Lakini ile kicheko ya Ediofe bado naisikia."

Kiden akainamisha kichwa, akaandika jina la Yengi, herufi moja moja.